Raúl Prebisch, mutu aliyeuliza sababu gani wenye kuuza mali ghafi wanabakia maskini

Mukulima wa kahawa wa Kalehe ao wa Idjwi hapangi bei ya kahawa yake. Muchimbaji wa kasiterite wa Walikale naye hapangi. Bei inatoka mbali, ku soko za New York na London, inashuka polepole mupaka kwa mununuzi wa huku, na mwenye jasho anaambiwa tu: leo ni hivi. Kisha, wakati yeye anaenda kununua kinga, bati la nyumba ao dawa ya mutoto, kule pia anakuta bei imekwisha kupangwa na mwingine.

Watu wengi wanaona hiyo kama bahati mbaya, ao kama namna dunia ilivyo. Mutaalamu mumoja wa uchumi, Raúl Prebisch wa Argentina, alikataa kuiona hivyo. Alitumia zaidi ya miaka makumi tano kuchunguza sababu gani inchi zinazouza mali ghafi, maana yake vitu visivyotengenezwa bado, zinazidi kulipa zaidi kwa kupata vitu vya viwanda. Na hakuandika tu. Aliongoza banki kuu ya inchi yake, aliongoza tume ya Umoja wa Mataifa, na mwaka wa 1964 aliongoza mukutano wa Geneva ambapo inchi 77, Kongo ikiwa moja kati yao, zilisimama pamoja mara ya kwanza kudai biashara ya haki.

Mambo mengi aliyotafuta hayakufanikiwa. Lakini swali lake lingali hai, na historia ya shaba, kasiterite na kahawa ya Kongo inalionyesha wazi.

Kijana wa Tucumán

Raúl Prebisch alizaliwa tarehe 17 mwezi wa 4 mwaka wa 1901 katika muji wa Tucumán, kaskazini mwa Argentina, sehemu inayojulikana kwa mashamba ya miwa. Baba yake alikuwa muhamiaji kutoka Ujerumani. Mama yake alitoka katika jamaa yenye jina kule kaskazini. Mwaka wa 1918 alienda Buenos Aires kusoma uchumi ku chuo kikuu, na kuanzia 1925 akafundisha pale pale, kazi aliyoishika mupaka 1948.

Ile wakati Argentina haikuwa inchi maskini. Iliuza ngano, mahindi na nyama ya ngombe Ulaya, zaidi sana Uingereza, na kwa ile feza ilinunua masini, vyuma vya reli na nguo. Walimu wa chuo walifundisha kwamba kila inchi ifanye kazi inayoiweza zaidi, iuze, inunue kwa wengine yale yanayobakia, na wote watapata faida. Mwenye mashamba alime, mwenye viwanda atengeneze. Prebisch aliamini hayo. Aliandika baadaye, akiwa muzee, kwamba alikuwa mufuasi wa kweli wa ile mafundisho mupaka mugogoro mukubwa wa uchumi ulioanza 1929.

Ule mugogoro ulimufungua macho. Bei ya ngano na nyama ilianguka vibaya. Bei ya vitu vya viwanda ilishuka pia, lakini si kwa kadiri ile. Argentina ilipashwa kupeleka mizigo mingi zaidi kwa kupata masini ileile. Deni la inchi nalo halikupunguka. Lilipashwa kulipwa kwa feza za kigeni zilizokuwa zinakauka.

Kati ya 1930 na 1932, Prebisch alikuwa kiongozi wa pili katika wizara ya feza, chini ya serikali ya wanajeshi iliyokamata utawala mwaka wa 1930. Mwaka wa 1933 alikuwa London katika ujumbe wa Argentina uliojadiliana na Uingereza. Mapatano yaliyotoka kule, yanayoitwa Roca-Runciman, yaliiachia Argentina nafasi ya kuuza nyama yake Uingereza. Kwa kubadilishana, Argentina ilikubali kupunguza ushuru wa vitu vya Uingereza na kutendea vizuri makampuni yake. Prebisch alijionea kwa macho: ule aliye na bidhaa moja na mununuzi mumoja hana nguvu ku meza ya majadiliano.

Mwaka wa 1935 Argentina ilianzisha banki kuu, na Prebisch, wa miaka karibu 34, akawa direkta wake mukuu wa kwanza. Kazi yake ilijulikana kwa jambo moja: katika miaka ya mavuno mazuri banki iliweka akiba, ili miaka mibaya isiangushe inchi. Lakini mwaka wa 1943 wanajeshi wengine walipindua serikali, na miezi michache baadaye Prebisch akafukuzwa kazi.

Ile kufukuzwa ndiyo ilimutoa nje ya Argentina. Alialikwa Mexico na inchi zingine za Amerika ya Kusini kutoa mashauri, na kule kote alikuta hesabu ileile. Huku ni kahawa, kule ni shaba, kwingine ni sukari, lakini kilio ni kimoja.

Hesabu ya Havana

Mwaka wa 1948 Umoja wa Mataifa ulianzisha tume ya uchumi kwa ajili ya Amerika ya Kusini, inayojulikana kwa jina la CEPAL, na makao yake katika muji wa Santiago, inchini Chile. Prebisch aliitwa kuandika ripoti kwa ajili ya mukutano wa Havana, Cuba, mwezi wa 5 mwaka wa 1949. Ile ripoti, juu ya maendeleo ya uchumi wa Amerika ya Kusini na magumu yake makubwa, ilimupa jina duniani.

Alitumia hesabu za biashara ya Uingereza kutoka 1876 mupaka 1947. Alilinganisha bei ya mali ghafi na bei ya vitu vya viwanda. Kama katika miaka ya 1876-1880 ule ulinganisho unawekwa kuwa 100, katika miaka ya 1946-1947 ulikuwa umeshuka mupaka 68.7.

Kwa maneno ya soko, maana yake ni hii. Kama wakati wa babu mifuko 100 ilitosha kununua majembe 100, wakati wa mujukuu ileile mifuko 100 ilinunua majembe karibu 69 tu. Kwa kupata majembe 100, mujukuu alipashwa kutoa mifuko karibu 146. Hakulala, hakuwa muvivu, pengine alilima kuliko babu yake. Lakini jasho lake lilinunua kidogo zaidi.

Karibu wakati uleule, mutaalamu mwingine, Hans Singer, aliyezaliwa Ujerumani na kukimbia utawala wa Hitler, alikuwa anafanya kazi katika Umoja wa Mataifa kule New York. Naye alifikia matokeo yanayofanana na hayo. Ndiyo sababu mupaka leo wachumi wanataja hayo mawazo kwa majina mawili pamoja: Prebisch na Singer.

Sababu gani bei inashuka

Prebisch aligawanya dunia katika sehemu mbili: katikati na pembeni. Katikati ni inchi zenye viwanda. Pembeni ni inchi zinazolisha vile viwanda. Kisha alionyesha sababu zinazofanya faida ikimbie kutoka pembeni kwenda katikati.

Sababu ya kwanza inahusu mishahara. Wakati kiwanda cha Ulaya ao cha Marekani kinapata masini mupya na kutengeneza vitu vingi kwa muda mufupi, wafanyakazi wake, juu ya vyama vyao vyenye nguvu, wanadai mushahara upandishwe, na mwenye kiwanda anakamata faida yake. Bei ya kile kitu haishuki sana. Lakini wakati wakulima wa inchi maskini wanapata mbegu nzuri na kuvuna zaidi, hawana chama chenye nguvu, na nyuma yao kuna watu wengi wasio na kazi wanaokubali malipo yoyote. Matokeo: mavuno yanaongezeka, bei inaanguka, na mwenye kufaidika ni munywaji wa kahawa wa mbali. Juhudi ya mukulima inageuka kuwa zawadi kwa mununuzi.

Sababu ya pili inahusu tumbo la binadamu. Mutu akiongezewa mushahara mara mbili hatakunywa kahawa mara mbili, wala kula sukari mara mbili. Atanunua redio, gari, friji. Kwa hiyo, kadiri dunia inavyotajirika, haja ya vitu vya viwanda inapanda haraka, na haja ya vyakula na mazao inapanda polepole. Tena viwanda vinatafuta kila siku namna ya kutumia mali ghafi kidogo: kaucho ya kutengenezwa badala ya kaucho ya miti, nailoni badala ya katani.

Kutoka pale Prebisch alitoa neno lake kubwa: inchi ya pembeni haiwezi kutoka kwenye umaskini kwa kuongeza tu wingi wa mali ghafi. Inapashwa kutengeneza vitu yenyewe.

Waliomupinga

Wachumi wakubwa wa Marekani na Ulaya hawakunyamaza. Jacob Viner na Gottfried Haberler walimupinga kwa nguvu. Walisema hesabu za Uingereza peke yake haziwezi kusemea dunia nzima. Wengine walikumbusha kwamba katika ile miaka bei ya kusafirisha mizigo kwa meli ilishuka sana, kwa hiyo bei iliyoandikwa kule Uingereza haikuonyesha vizuri kile muuzaji wa mbali alichopata. Tena masini ya 1947 si sawa na masini ya 1876: ilikuwa bora zaidi, na mutu anayelipa zaidi kwa kitu bora hajaibiwa.

Hayo yalikuwa maulizo ya kweli, na mabishano yaliendelea miaka mingi. Mwaka wa 1988, Enzo Grilli na Maw Cheng Yang walichapisha katika jarida la Banki ya Dunia uchunguzi wa bei kutoka 1900 mupaka 1986. Walikuta kwamba bei za mali ghafi, bila kuhesabu mafuta, zilishuka mbele ya vitu vya viwanda kwa karibu 0.6 kwa mia kila mwaka. Ni kidogo, lakini ni kushuka. Kisha, baada ya mwaka wa 2000, viwanda vya China vilihitaji madini mengi na bei zikapanda kwa miaka kazaa. Kwa hiyo leo wengi wanakubali neno la katikati: bei haishuki kila siku wala kwa kila bidhaa, lakini inatetemeka sana, na inchi yenye bidhaa moja inaumia kila mara inapotetemeka.

Viwanda nyuma ya ukuta

Kutoka 1950 mupaka 1963 Prebisch aliongoza CEPAL. Marekani haikuipenda sana ile tume, lakini ku mukutano wa Mexico wa 1951 ilikubaliwa iendelee kwa kudumu. Mutaalamu wa Brazil Celso Furtado na vijana wengine wa inchi mbalimbali walifanya kazi pamoja naye. Santiago ikawa kama shule ya wachumi wa bara nzima.

Shauri lao lilijulikana: inchi iweke ushuru juu ya vitu vinavyotoka nje, ili viwanda vyake vidogo vipate nafasi ya kukomaa, kama vile mutu anavyozungushia lupango miche mipya ili mbuzi wasiile. Argentina, Brazil, Chile na Mexico zilikuwa zimekwisha kuanza ile njia tangu mugogoro wa 1929 na vita ya dunia. CEPAL iliipa maelezo.

Viwanda vingi vilizaliwa kweli. Lakini magumu nayo yalizaliwa. Kila inchi ilitaka kuwa na kila kiwanda, hata cha magari, na soko lake lilikuwa dogo. Ukuta wa ushuru ulipanda juu sana na haukushuka tena. Wenye viwanda walizoea kuuza vitu vya bei kali visivyo na uzuri, kwa sababu mununuzi hakuwa na pa kwenda. Na masini ya vile viwanda ilipashwa kununuliwa nje, kwa feza za ileile mali ghafi.

Watu wengi wanasahau kwamba Prebisch mwenyewe alisema hayo kabla ya wapinzani wake kuyapigia kelele. Mwaka wa 1963, katika ripoti yake ya mwisho kama mukubwa wa CEPAL, alikemea viwanda vinavyoangalia ndani tu. Alitaka vitu vya viwanda viuzwe nje pia. Alitaka inchi jirani ziunganishe masoko yao, kama vile mapatano ya Montevideo ya 1960 yalivyojaribu. Na aligusa jambo lililokasirisha wakubwa wa kwao: ardhi iliyo mikononi mwa watu wachache, na matajiri wanaokula faida ya inchi kwa anasa badala ya kuiweka katika kazi. Kwake, kosa halikuwa la wageni peke yao.

Geneva 1964

Katika miaka ya 1960 inchi nyingi za Afrika zilikuwa zimepata uhuru, na zilikuta bendera ni yao lakini soko si yao. Umoja wa Mataifa ulikubali kuita mukutano mukubwa juu ya biashara na maendeleo, na Prebisch akachaguliwa kuwa katibu mukuu wake. Inchi 120 zilikutana Geneva kutoka mwezi wa 3 mupaka mwezi wa 6 mwaka wa 1964.

Kwa Kongo ilikuwa wakati wa moto. Wakati wajumbe walikuwa wanazungumuza bei za bidhaa kule Uswisi, waasi Simba walikuwa wanakamata Uvira. Ku ule mukutano alisimama pia Che Guevara, kiongozi wa ujumbe wa Cuba, kutoa hotuba. Mwaka uliofuata aliingia kwa siri katika milima ya Fizi.

Prebisch aliweka ku meza maombi ya wazi. La kwanza, kuwe na mapatano ya bei kwa mali ghafi, ili isianguke kama jiwe. La pili, kama bei inaanguka hata hivyo, inchi inayoumia isaidiwe kwa feza. La tatu, inchi tajiri zifungue milango kwa vitu vya viwanda vya inchi maskini, bila kudai wao wafungue kwa kadiri ileile. Kwani ushuru wa inchi tajiri ulikuwa na muchezo wake: mali ghafi inaingia karibu bure, lakini kadiri unavyoitengeneza, ushuru unapanda. Mwenye kuleta kahawa ya kijani anakaribishwa. Mwenye kuleta kahawa ya kukaanga anazuiwa ku mulango. Kwa njia ile, maskini anaazibiwa kwa kosa la kutengeneza.

Mukutano ulikuwa wa mabishano makali. Lakini mwishoni, tarehe 15 mwezi wa 6, inchi 77, karibu zote za Afrika, Azia na Amerika ya Kusini, zilitoa tangazo la pamoja. Kongo-Léopoldville, Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya na Tanzania zilikuwamo. Ndiyo kuzaliwa kwa kundi la inchi 77, ambalo leo lina inchi zaidi ya 130 na lingali linatumia jina lile. Na mwishoni mwa mwaka ule, ule mukutano ulifanywa kuwa shirika la kudumu la Umoja wa Mataifa, CNUCED, lenye makao Geneva. Prebisch aliliongoza mupaka 1969.

Yaliyopatikana si bure. Mwaka wa 1968, ku mukutano wa pili kule New Delhi, inchi tajiri zilikubali musingi wa kupunguzia inchi maskini ushuru, na Ulaya ikaanza kuutekeleza mwaka wa 1971. Kwa mupango ulioanza mwaka wa 2001, Umoja wa Ulaya unapokea bidhaa zote za inchi maskini zaidi bila ushuru, isipokuwa silaha tu. Kongo iko katika ile orodha. Lakini mulango ulio wazi haumusaidii mutu asiye na kitu cha kupitisha: bila umeme, bila barabara na bila viwanda, mizigo inayotoka inabakia ileile.

Shaba, kasiterite, kahawa

Kwa upande wa bei, Kongo ilijaribu karibu dawa zote za ule wakati, na kila moja ilitoa fundisho lake.

Shaba kwanza. Mwaka wa 1967, kule Lusaka, Kongo, Zambia, Chile na Peru ziliamua kuunda umoja wa wauzaji wa shaba, CIPEC. Mwezi wa 4 mwaka wa 1974 bei ilikuwa juu sana ku soko ya London. Kabla ya mwaka kuisha ilikuwa imeanguka kwa zaidi ya nusu. Wale wane walipatana kupunguza mizigo, lakini haikutosha. Marekani na Canada, wachimbaji wakubwa, hawakuwamo. Shaba ya zamani nayo inaweza kuyeyushwa na kutumiwa tena. Na kila serikali ilikuwa na deni la kulipa, hivyo ilikuwa na sababu ya kuuza. Zaire, iliyokuwa imekopa sana wakati bei iko juu, iliingia katika shida ya madeni ambayo haikutoka tena.

Kasiterite pili. Mapatano ya dunia juu ya bati yalikuwa na stoki ya kukinga bei: baraza lilinunua wakati bei iko chini, likauza wakati iko juu. Zaire ilikuwa mumoja wa wazalishaji ndani yake. Lakini Brazil na China ziliuza nje ya mapatano, viwanda vya mikebe vilihamia kwenye aluminyumu, na tarehe 24 mwezi wa 10 mwaka wa 1985 baraza likaishiwa na feza. Mwaka uliofuata bei ilikuwa chini ya nusu. Katika Kivu na Maniema, kampuni SOMINKI, iliyounganisha kampuni za migodi ya kule mwaka wa 1976, haikuinuka tena. Uchimbaji wa mikono ndio ulibakia.

Kahawa tatu. Mapatano ya dunia ya 1962 yaliipa kila inchi kiasi chake cha kuuza. Mwezi wa 7 mwaka wa 1989 ile migao ilisimamishwa, na katika miezi michache bei ilianguka karibu nusu. Wakulima wa Kivu waliona matokeo bila mutu kuwaeleza chanzo.

CNUCED ilijaribu kuokoa ile njia. Mwezi wa 5 mwaka wa 1976, ku mukutano wa Nairobi, Prebisch akiwa amekwisha kutoka, inchi zilikubali mupango wa kuunganisha mali ghafi nyingi chini ya mufuko mumoja wa feza. Mapatano ya ule mufuko yalikamilika 1980 na kuanza kazi 1989, ukiwa mudogo kuliko ulivyotakiwa, na wakati mapatano mengi ya bei yalikuwa yamekwisha kufa.

Dawa ileile imerudi juzi juzi. Mwezi wa 2 mwaka wa 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje kwa kupandisha bei, kisha kutoka mwezi wa 10 ikaweka migao. Hapa Kongo ina nguvu ambayo haikuwa nayo kwa shaba: zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia inachimbwa kwake. Bei ilipanda kweli. Lakini Prebisch angehesabu ile kuwa nusu ya kazi. Nusu ingine ni kusafisha na kutengeneza, na ile kazi, kwa sehemu kubwa, inafanyika China.

Miaka ya mwisho

Baada ya kuacha Geneva, Prebisch hakupumzika. Kutoka 1976 aliongoza jarida la CEPAL mupaka kifo chake. Mwaka wa 1981 alichapisha kitabu juu ya ubepari wa pembeni, ambamo alirudia kwa ukali neno lake juu ya matajiri wa inchi maskini wanaoiga maisha ya Ulaya na Marekani, wakati feza ya kujenga inakosekana. Alikuwa na miaka 82 wakati demokrasia ilirudi Argentina mwishoni mwa 1983, na raisi Raúl Alfonsín alimuita kuwa mushauri. Alikufa Santiago tarehe 29 mwezi wa 4 mwaka wa 1986.

Hakupata zawadi ya Nobel. Wapinzani wake walionyesha Korea ya Kusini na Taiwan, zilizotajirika kwa kuuza nje, na wakasema alikosea. Lakini zile inchi hazikutajirika kwa kuuza mawe na kahawa ya kijani. Zilitengeneza nguo, meli na masini, na serikali zao zilisaidia viwanda kwa karibu. Kwa sehemu, zilifanya kile ambacho Prebisch alikuwa anaomba tangu 1963.

Kuna jambo moja katika kazi yake ambalo linafaa kukumbukwa huku, mahali ambapo watu wanasema kila siku kwamba Kongo ni tajiri. Kwake, utajiri haukuwa kile kilicho chini ya udongo. Ulikuwa uwezo wa kutengeneza, na nguvu ya kukaa ku meza ambako bei inapangwa. Mutu mwenye mulima wa madini, asiye na hivyo viwili, ataendelea kuambiwa: leo ni hivi.

Tarehe za kukumbuka

1901: Raúl Prebisch anazaliwa Tucumán, Argentina.
1935: Anakuwa direkta mukuu wa kwanza wa banki kuu ya Argentina, anafukuzwa 1943.
1949: Ripoti ya Havana juu ya bei za mali ghafi.
1950-1963: Anaongoza CEPAL kule Santiago.
1964: Mukutano wa Geneva, kuzaliwa kwa kundi la inchi 77 na CNUCED.
1969: Anaacha uongozi wa CNUCED.
1986: Anakufa Santiago, akiwa na miaka 85.